Mvua Inaponyesha Juu ya Theluji

Kwa siku tisa mwishoni mwa Februari 1910, theluji ilianguka bila kupumzika kwenye milima ya Cascade, katika jimbo la Washington, Marekani. Siku iliyokuwa mbaya kuliko zote, ilishuka theluji ya zaidi ya mita 3. Treni mbili za kampuni ya Great Northern, moja ya abiria na nyingine ya barua, zilikuwa zimetoka Spokane zikielekea Seattle. Zikakwama Wellington, kituo kidogo kilichobandikwa ubavuni mwa mlima, karibu na mdomo wa magharibi wa handaki la Cascade. Reli ilikuwa imefunikwa mbele na nyuma. Mashine za kuondoa theluji, zile zenye gurudumu kubwa la mapanga linalozunguka, zilikuwa zikifungua kipande cha njia, na kabla hazijafika mbali poromoko jingine linakifunga. Makaa ya mawe yakaanza kupungua. Nyaya za telegrafu zikakatika. Vibarua wa koleo wakadai ujira mzuri zaidi, wakanyimwa, wakaondoka zao kwa miguu.

Usiku wa tarehe 28 theluji ikakoma. Ukaanza kuvuma upepo wa vuguvugu, mvua ikanyesha, na radi zikapiga milimani. Muda mfupi baada ya saa saba usiku, bamba la theluji lilikatika kwenye mteremko wa Windy Mountain, juu ya kituo. Lilikuwa na unene wa mita 3 hivi na upana wa mita 400. Lilizibeba treni zote mbili, pamoja na injini, mabehewa na watu waliokuwa wamelala ndani, likazitupa kwenye bonde la Mto Tye, mita 45 chini ya reli. Watu 96 walikufa. Waliotolewa hai walikuwa 23. Hadi leo hakuna poromoko la theluji lililoua watu wengi kuliko hao katika historia ya Marekani. Hoteli iliyokuwa jirani haikuguswa.

Theluji iliyotishia kituo kwa siku tisa haikukigusa hadi siku ilipoacha kuanguka. Kwa msomaji ambaye theluji pekee aliyowahi kuiona ni ile ya kilele cha Kibo, akiitazama kutoka barabarani Moshi, jambo hili linaweza kuonekana kinyume na akili. Theluji ni mtoto wa baridi; joto likija, theluji huyeyuka, maji hushuka mtoni, hatari imekwisha. Mwishowe ndivyo inavyokuwa. Tatizo ni kwamba kati ya theluji iliyo kavu na theluji iliyokwisha kuyeyuka kuna saa kadhaa, wakati mwingine siku kadhaa, ambazo mlima si wa kuaminika hata kidogo.

Theluji ya mlimani haikai kama lundo moja. Kila dhoruba huacha tabaka lake. Tabaka moja lilianguka kwa utulivu, chembe zake ni nyepesi na zimeachana. Jingine lilipigwa na upepo likashikana na kuwa bamba gumu. Jingine liliwahi kuyeyushwa na jua kisha likaganda, likawa utando wa barafu. Matabaka haya yamelala kwenye mteremko, na kila moja linang'ang'ania lililo chini yake. Mteremko wa nyuzi 30 hadi 45 ndio wenye matata zaidi. Ukiwa mlalo kuliko hapo, theluji huwa haina nguvu ya kutosha kuteleza. Ukiwa mkali sana, humwagika kidogokidogo kabla haijapata nafasi ya kurundikana.

Sasa lete maji. Mtoto yeyote aliyekulia pwani anaijua nusu ya somo hili. Mchanga mkavu haujengeki, ukiumimina unatawanyika. Ukiulowesha kidogo unashikana, unaweza kujenga nyumba, ukuta na mnara. Ukizidisha maji, mnara unayeyuka na kurudi baharini. Theluji nayo ina hatua hizohizo. Unyevu mdogo huvuta chembe pamoja, na ndiyo sababu theluji iliyolowa kidogo ndiyo nzuri kwa watoto wa Ulaya kutengenezea madonge ya kurushiana. Lakini maji yakijaa kwenye nafasi zilizo kati ya chembe, mvutano ule hupotea, na vile vidaraja vya barafu vilivyokuwa vimeunganisha chembe na chembe huanza kuyeyuka. Theluji inakuwa nzito na dhaifu kwa wakati mmoja.

Uzito huo si wa kubeza. Milimita 1 ya mvua ni kilo 1 ya maji kwenye kila mita ya mraba. Mvua ya milimita 20, ambayo mkulima wa Iringa angeiita ya kawaida, ikinyesha kwenye mteremko wa mita 100 kwa mita 100, imeuongezea mteremko huo tani 200. Theluji ya milimita 20 za maji ingeongeza tani zilezile, ila yenyewe ingeleta pia chembe za kushikana na kujenga tabaka. Mvua haijengi kitu. Inaongeza mzigo tu.

Wengi hudhani kwamba joto la mvua ndilo linaloyeyusha theluji. Hesabu inakataa. Mvua ya milimita 10 yenye joto la nyuzi 5 ina uwezo wa kuyeyusha barafu isiyofika hata milimita 1 ya maji. Anayefanya kazi kubwa ni upepo wa vuguvugu unaokuja na mvua hiyo. Upepo huo umebeba mvuke, na mvuke ukigusa theluji baridi hugeuka maji na kuachia joto lililokuwa limefichika ndani yake. Kila kilo ya mvuke inayogeuka maji juu ya theluji hutoa joto la kutosha kuyeyusha zaidi ya kilo 7 za barafu. Ndiyo maana usiku wenye upepo, ukungu na manyunyu unaweza kula theluji nyingi kuliko mchana wa jua kali.

Katika pwani ya magharibi ya Marekani na Kanada, hewa ya namna hiyo hutoka mbali. Mikanda mirefu ya unyevu huinuka kwenye maji ya joto karibu na Hawaii, huvuka Pasifiki na kugonga Cascade, ikipandisha joto kwa nyuzi nyingi ndani ya saa chache. Mahali palipokuwa na theluji kavu asubuhi panaweza kuwa na mvua jioni. Milima ya bara, iliyo mbali na bahari, haisumbuliwi mara nyingi na mageuzi ya aina hiyo katikati ya majira ya baridi. Cascade inayajua sana.

Katika safu hiyohiyo, Snoqualmie Pass, wanasayansi Howard Conway na Charles Raymond wa Chuo Kikuu cha Washington walijiuliza swali linaloonekana jepesi: mvua ikianza kunyesha juu ya theluji mpya, inachukua muda gani kabla mlima haujaachia? Ungetarajia jibu liwe saa nyingi, kwa kuwa maji yanahitaji muda kupenya hadi kwenye tabaka dhaifu lililo chini. Walichokichapisha mwaka 1993 kilikuwa kinyume. Maporomoko mengi yalianza ndani ya dakika chache hadi saa moja hivi tangu matone ya kwanza, maji yakiwa bado juujuu tu. Kulowa kwa tabaka la juu peke yake kulitosha kubadilisha jinsi bamba zima linavyojivuta chini, na kama mshikamano ulikuwa tayari unakaribia kushindwa, basi. La ajabu zaidi ni kwamba theluji iliyovuka saa hizo za kwanza bila kuanguka mara nyingi ilitulia, hata mvua ilipoendelea. Maji yalikuwa yamejichimbia vijia vya kupita, na theluji ikawa imeshikamana upya. Kwa hiyo swali la kumuuliza mtabiri wa milimani si kiasi gani cha mvua kitanyesha wiki hii. Muulize mvua itaanza saa ngapi, na inaangukia theluji ya namna gani.

Njia ya pili ya mvua kuangusha theluji ni ya polepole, na kwa maoni yangu ndiyo ya hila zaidi. Maji yakishuka hayashuki sawasawa. Hutafuta mishipa, hupenya hapa na kuacha pale, hadi yakutane na utando wa barafu au tabaka la chembe kubwakubwa ambalo haliwezi kuyafyonza kutoka kwenye chembe ndogo za juu. Hapo hukaa na kutandaa. Mteremko sasa una tabaka zito la juu, limelala juu ya maji. Au maji hufika hadi ardhini, na kama ardhi hiyo ni majani marefu yaliyolala au mwamba laini, theluji yote, kuanzia juu hadi chini, huanza kuteleza taratibu. Nyufa hufunguka, pana kiasi cha mtu kutumbukia. Ufa wa aina hii unaweza kukaa wiki mbili bila kitu kutokea, au poromoko likaja baada ya saa mbili, mchana au usiku. Watu wa milima ya Alps waliwahi kudhani ufa ni dalili ya mlima kupunguza mzigo wake. Watabiri wa leo wana neno moja tu kuhusu nyufa hizo: usikae chini yake.

Poromoko la theluji kavu linaweza kuzidi mwendo wa kilomita 200 kwa saa, likitanguliwa na wingu la vumbi jeupe. La theluji iliyolowa huenda polepole zaidi, mara nyingine mtu mwenye mbio angeshindana nalo kwa hatua chache. Mwendo huo wa polepole haumsaidii sana. Theluji yake ni nzito mara kadhaa kuliko theluji mpya, linafuata makorongo, linang'oa miti na kukokota mawe, na likisimama hukaza papo hapo. Anayefukuliwa ndani ya dakika 10 za kwanza kwa kawaida ana nafasi kubwa ya kuishi. Ikifika nusu saa, nafasi imeanguka hadi kwa wachache. Katika theluji nzito iliyolowa muda huo ni mfupi zaidi, kwa sababu hewa haipiti ndani yake na kuchimba ni kazi ngumu.

Turudi Wellington, maana pale kuna jambo ambalo fizikia peke yake hailielezi.

Abiria hawakuwa wajinga. Walikuwa wamekwama siku kadhaa na walikuwa na macho. Treni zao ziliposimama upande wa mashariki wa handaki, walilishwa kwenye jiko la kituo. Muda mfupi baada ya kuondoka kwao, poromoko lililifagia jiko lile na kuua waliokuwamo. Waliposikia habari hiyo, na kila wakitazama juu kwenye mteremko mweupe, waliomba treni zirudishwe ndani ya handaki. Lilikuwa na urefu wa kilomita 4.2, tena lilikuwa hapohapo, hatua chache nyuma yao.

Maombi hayo hayakukubaliwa, na tukiwa tumekaa kwenye viti vyetu zaidi ya miaka 100 baadaye ni rahisi mno kumhukumu msimamizi wa kitengo, James H. O'Neill. Hoja zake zilikuwa na uzito. Mabehewa yalipashwa joto kwa mvuke wa injini ya makaa, na moshi wa injini ndani ya handaki ulikuwa tatizo linalojulikana. Ndiyo maana kampuni ilikuwa imeweka injini za umeme humo mwaka mmoja tu uliotangulia. Bila moto, watu wangekaa kwenye giza, unyevu na baridi. Poromoko lingeweza pia kuziba mdomo wa handaki. Na kila aliyefanya kazi kwenye reli ile alijua maporomoko hutokea wapi: yalikuwa na njia zake, na kituo cha Wellington hakikuwa kwenye mojawapo. Mteremko ule haukuwahi kuwaletea shida.

Hoja hii ya mwisho ndiyo iliyowaua watu, nami siioni kuwa ya kipuuzi. Sote hupima hatari ya mahali kwa yale yaliyowahi kutokea hapo. Ila mteremko wenyewe ulikuwa umebadilika. Moto wa msitu ulikuwa umeunguza miti iliyokuwa juu ya kituo, na miti ndiyo iliyokuwa ikiishika theluji, shina kwa shina, na kuzuia bamba kubwa lisijengeke. Rekodi ya mlima wenye miti haisemi lolote kuhusu mlima usio na miti. O'Neill mwenyewe alikuwa ameteremka kwa miguu hadi Scenic kutafuta msaada, na huko ndiko habari zilikomkuta. Alikuwa amefanya kazi karibu bila kulala kwa siku nyingi. Haikumfaa kitu.

Kesi ilifunguliwa. Mahakama ya kwanza iliona kampuni ina makosa. Mwaka 1914 Mahakama ya Juu ya jimbo ikatengua hukumu hiyo na kusema yaliyotokea yalikuwa kudra ya Mungu. Kampuni kwa upande wake haikungoja kudra nyingine. Ilibadilisha jina la kituo kuwa Tye mwaka huohuo wa 1910, kwani hakuna abiria aliyetamani kusikia kondakta akiita Wellington. Ikajenga mapaa ya zege juu ya reli ili maporomoko yapite juu. Mwaka 1929 ikafungua handaki jipya la urefu wa kilomita 12.5, chini zaidi mlimani, na kituo kikaachwa kiote majani. Treni bado zinapita katika handaki hilo.

Siku tatu baada ya Wellington, kaskazini ng'ambo ya mpaka, dhoruba za Pasifiki zilikuwa zimefika Rogers Pass, Kanada. Usiku wa tarehe 4 Machi, wafanyakazi wa kampuni ya reli ya Canadian Pacific walikuwa wakifukua reli iliyofunikwa na poromoko lililotoka upande mmoja wa bonde. Kabla ya saa sita usiku likaja la pili, kutoka upande wa pili. Watu 58 walikufa, 32 kati yao wakiwa vibarua Wajapani. Reli ile ilikuwa imeshapoteza watu kwa namna hiyo tangu mwaka 1885, na sasa wakubwa wa kampuni wakakubali kwamba mlima umeshinda. Handaki la Connaught, lenye urefu wa kilomita 8, lilifunguliwa mwaka 1916. Barabara kuu ya magari ilipofika kwenye bonde lilelile mwaka 1962, ilikuja na wataalamu wa theluji na wanajeshi wenye mizinga, wanaopiga miteremko ili iachie kwa wakati uliopangwa, barabara ikiwa tupu.

Mizinga ina kikomo chake. Theluji kavu iliyokaza hupasuka. Mlipuko mmoja unaweza kuupeleka ufa mamia ya mita. Theluji iliyolowa hunyonya mlipuko. Unapiga, shimo linatokea, mteremko unabaki ulivyo, na baada ya saa tatu unaanguka kwa wakati wake wenyewe. Pia, tofauti na theluji kavu, ambako mara nyingi mtelezaji wa skii ndiye anayeliamsha bamba kwa uzito wake, theluji iliyolowa huanguka yenyewe. Hata ukiwa na adabu mlimani, haikusaidii kama umesimama chini.

Kwa hiyo mtaalamu hubaki na dalili na saa. Dalili zipo: madonge madogo yanayojiviringisha kutoka kwenye miti na miamba, buti inayozama hadi muundini, mvua inayopanda juu kuliko ilivyotabiriwa. Kwa jua la masika kuna ratiba. Usiku wenye anga wazi hupoteza joto, uso wa theluji unaganda, na wapandaji huanza safari gizani ili wawe wameshuka kabla ya adhuhuri. Usiku wa mawingu huivunja ratiba hiyo. Mawingu hulizuia joto lisiondoke, theluji haigandi hata kama kipimajoto kinasoma karibu na sifuri, na alfajiri inakuta mlima laini kama ulivyoachwa jioni. Taasisi ya theluji ya Davos, Uswisi, na wenzake wa Ulaya huitaja theluji iliyolowa na theluji inayoteleza kwenye ardhi kama aina mbili kati ya tano za hatari katika taarifa zao, wakitumia kipimo cha ngazi tano ambacho nchi za Ulaya zilikubaliana mwaka 1993.

Aina hizo mbili hazitatoweka. Dunia inavyopata joto, miteremko ya chini itapata theluji kidogo na maporomoko machache. Hilo ni jepesi kukisia. Juu zaidi, theluji bado itakuwa nyingi, lakini mvua itaifikia, na itaifikia Januari badala ya Aprili. Watafiti waliosoma pete za miti iliyojeruhiwa kwenye miteremko ya Himalaya ya magharibi, India, walichapisha mwaka 2018 kwamba maporomoko huko yaliongezeka kadiri joto lilivyopanda. Vijiji vilivyojengwa kwa hekima ya miaka 200 ya maporomoko ya masika vitalazimika kuhesabu upya katikati ya baridi.

Stevens Pass, juu ya handaki jipya la Cascade, kuna barabara nambari 2 ya Marekani. Utabiri ukisema mvua itaanza usiku juu ya theluji mpya, idara ya barabara ya jimbo hufanya kile inachoweza: hushusha kizuizi. Malori hupanga foleni, wenye hoteli za Leavenworth hulalamika, watelezaji waliolipia tiketi hulalamika zaidi. Wataalamu hupima joto, husubiri mlima uachie au uache kulowa, na kizuizi hakiinuliwi kwa sababu ya malalamiko.